Tuvalu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu visiwa, watu na serikali yake

Jina la Tuvalu husikika kwenye taarifa ya habari mara moja au mbili kwa mwaka, kila linapozungumzwa suala la bahari kupanda. Hutajwa kama mfano tu, kisha habari nyingine inafuata. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo karibu kila mtu huniuliza ni "itazama lini?" Swali hilo limejibiwa hapa, ila nimelipeleka mbele (Swali la 20), kwa sababu haifai kuulizia kifo cha nchi ambayo hujajua inaitwaje, nani anaishi humo na nani anaiongoza.

Maswali yamepangwa kwa mada, kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Misingi

1. Tuvalu iko wapi hasa?

Iko katika Bahari ya Pasifiki, takriban katikati ya Hawaii na Australia, kaskazini mwa Fiji. Ni mlolongo wa visiwa unaoteremka kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki kwa zaidi ya kilomita 600.

Anayeijua pwani ya Tanzania anaweza kukadiria hivi: latitudo zake zinaanzia karibu na usawa wa Pangani hadi chini kidogo ya Mtwara, na mji mkuu uko kwenye mstari unaopita kati ya Mafia na Kilwa. Jua lao ni lile lile letu na minazi yao ni ile ile, isipokuwa wao wako upande wa pili wa dunia. Ikiwa saa sita mchana Dar es Salaam, Funafuti ni saa tatu usiku wa siku hiyo hiyo.

2. Jina "Tuvalu" lina maana gani?

"Wanane wanaosimama pamoja." *Tu* ni kusimama, *valu* ni nane.

Hapo watu husema: lakini visiwa ni tisa! Ni kweli. Vipo Nanumea, Nanumaga, Niutao, Nui, Vaitupu, Nukufetau, Funafuti, Nukulaelae na Niulakita. Hicho cha mwisho, kilicho kidogo kuliko vyote na cha kusini kabisa, hakikuwa na wakazi wa kudumu hadi mwaka 1949, familia kutoka Niutao zilipohamia. Jina linahesabu jamii nane za jadi zenye mashina yao. Hilo linafaa kukumbukwa ukifika kwenye maswali ya Bunge, kwa maana hesabu hiyo ya nane bado inatawala siasa zao.

3. Ina ukubwa gani?

Nchi kavu yote ni kilomita za mraba 26 hivi. Kisiwa cha Unguja peke yake ni kama Tuvalu sitini. Katika nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, ni Monaco na Nauru tu zenye ardhi ndogo zaidi.

Bahari ni habari nyingine. Ukanda wa kiuchumi wa bahari ulio chini ya mamlaka ya Tuvalu unazidi kilomita za mraba 700,000, ambao ni zaidi ya nchi nzima ya Kenya. Mtuvalu akikwambia nchi yake ni kubwa, hatii chumvi. Anahesabu na maji, na maji hayo ndiyo yanayolipa mishahara ya serikali (Swali la 18).

4. Je, ni sawa na Kiribati?

Hapana. Ziliwahi kuwa koloni moja, zikaachana (Swali la 16). Wala si Tokelau, iliyo chini ya New Zealand, wala Vanuatu, ambayo ni nchi ya milima na volkano iliyo mbali kusini-magharibi.

5. Mji mkuu ni upi?

Funafuti, ambao kwa kweli si mji bali ni atoli nzima yenye visiwa vidogo vingi. Watu wengi wamejaa kwenye kisiwa kimoja, Fongafale, chembamba kama utepe. Mahali pengi unaweza kusimama katikati ya barabara ukaona bahari kuu upande mmoja na maji tulivu ya ndani upande wa pili. Ofisi za serikali ziko sehemu iitwayo Vaiaku.

## Ardhi, maji na chakula

6. Atoli ni nini?

Ni pete ya matumbawe inayozunguka ziwa la maji ya chumvi. Juu ya pete hiyo, mawimbi na dhoruba hurundika mchanga na vipande vya matumbawe hadi vinakuwa visiwa. Si kila kisiwa cha Tuvalu ni atoli kamili. Nanumaga, Niutao na Niulakita ni visiwa vya mwamba visivyo na ziwa kubwa lililofunguka baharini.

Funafuti ina nafasi yake katika historia ya sayansi. Charles Darwin alikuwa amedai kwamba atoli huota juu ya volkano inayodidimia taratibu: volkano inashuka, matumbawe yanazidi kujengeka juu. Kati ya mwaka 1896 na 1898, Chama cha Kifalme cha London kilituma wataalamu wakachimbe Funafuti ili kulithibitisha dai hilo. Walifika zaidi ya mita 330 chini, na bado walikuwa wakitoa matumbawe tu. Jiwe la volkano hawakulifikia, lakini kina kile cha matumbawe kilimpa Darwin nguvu.

Linalofuata kutokana na hayo ndilo la kushika: hakuna mlima, hakuna mto, hakuna udongo mzito. Mahali pa juu kabisa nchini hapafiki mita tano juu ya usawa wa bahari.

7. Kama hakuna mito, wanakunywa nini?

Mvua. Kila paa ni chombo cha kuvunia maji, na kila nyumba ina tangi. Chini ya ardhi huwapo tabaka jembamba la maji baridi linaloelea juu ya maji ya chumvi, lakini kwenye Fongafale yenye msongamano maji hayo hayanyweki tena.

Mvua ikichelewa, hakuna kwa kukimbilia. Mwaka 2011 ukame ulibana hadi serikali ikatangaza hali ya hatari, na mashine za kuondoa chumvi majini zikaletwa kwa ndege. Tunapofikiria hatari ya visiwa hivi tunawaza maji mengi. Mara nyingi kilio chao ni cha maji machache.

8. Wanakula nini?

Samaki, nazi, shelisheli, ndizi, na *pulaka*. Hii pulaka ni ya jamii ya magimbi, ila kubwa zaidi, na haipandwi juu ya ardhi. Wazee walichimba mashimo mapana hadi kwenye lile tabaka la maji baridi, wakayajaza majani yaliyooza mwaka hadi mwaka, wakaupika udongo wao wenyewe mahali ambapo Mungu hakuweka udongo. Shimo la pulaka ni urithi wa familia. Chumvi ikipenya humo, kama inavyotokea siku hizi mahali pengi, kinachopotea ni kazi ya vizazi.

Kwa mnazi, msomaji wa pwani atajiona nyumbani: wanagema. Maji matamu ya kwenye karara huitwa *kaleve*, hunywewa mabichi na watoto, huchemshwa yakawa asali, au huachwa yachachuke yakawa tembo. Mkadi nao upo, majani yake yakisukwa mikeka.

Lakini niseme ukweli: Funafuti ya leo inakula sana wali, unga wa ngano na nyama za kopo kutoka melini, na magonjwa kama kisukari yameingia pamoja na chakula hicho.

9. Vimbunga je?

Vingi hupita kusini yao, lakini si vyote. Kimbunga Bebe cha Oktoba 1972 kilizipiga nyumba za Funafuti karibu zote, na mawimbi yakatupa ukuta wa vifusi vya matumbawe wenye urefu wa kilomita nyingi pembeni mwa atoli. Machi 2015 kimbunga Pam hakikutua Tuvalu, kilipita mbali, lakini mawimbi yake yalitosha kuingia majumbani, mashambani na hata makaburini, hasa Nui na visiwa jirani.

## Watu na maisha yao

10. Watuvalu ni akina nani, na wako wangapi?

Ni Wapolinesia, ndugu wa karibu wa Wasamoa na Watonga. Wako takriban 11,000, na zaidi ya nusu yao wanaishi Funafuti.

Kuna Watuvalu wengine maelfu nje ya nchi, hasa Auckland, New Zealand. Kuhama si jambo la jana. Wakati wa ukoloni vijana walikwenda kuchimba fosfati Banaba na Nauru, na mwaka 1946 watu wa Vaitupu walichanga fedha wakanunua kisiwa cha Kioa kilichopo Fiji. Wazao wao wako hapo hadi leo.

11. Wanazungumza lugha gani?

Kituvalu, pamoja na Kiingereza maofisini. Kisiwa cha Nui ni cha pekee: huko watu huzungumza lahaja ya Kikiribati, kutokana na uhusiano wa zamani na visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati.

Kituvalu kimo katika familia kubwa ya lugha za Kiaustronesia, na mkono mmoja wa familia hiyo umefika kwa majirani zetu wa Madagaska. Nane kwa Kituvalu ni *valu*. Kwa Kimalagasi ni *valo*. Ni mabaharia wa asili moja waliogawana bahari mbili. Wataalamu wengi huona kwamba hata ngalawa yetu, yenye mbao zake za pembeni za kuizuia isipinduke, ilitokana na ufundi wa mabaharia hao. Mtumbwi wa Kituvalu una ubao wa pembeni pia, ila upande mmoja tu.

12. Dini yao ni ipi?

Karibu wote ni Wakristo, na wengi ni wa Kanisa la Kikristo la Tuvalu, lenye asili ya wamisionari wa London. Mwanzo wake haukuwa mpango wa mtu yeyote. Mwaka 1861 shemasi mmoja aitwaye Elekana, wa kisiwa cha Manihiki katika Visiwa vya Cook, alipotezwa na upepo pamoja na wenzake. Walipeperuka majuma manane, hadi wakatupwa Nukulaelae. Waliosalimika walipokewa vizuri, na Elekana akaanza kufundisha.

Miaka miwili baadaye zilifika meli nyingine. Mwaka 1863 wakamata watu waliokuwa wakitafuta vibarua wa kupeleka Peru waliingia Nukulaelae na Funafuti. Watu wa Nukulaelae, waliokuwa na kiu ya mafundisho mapya, waliambiwa watapelekwa wakafundishwe habari za Mungu. Walipanda melini kwa hiari. Visiwa hivyo viwili vilipoteza watu zaidi ya 400, wasirudi tena. Ukisoma kwamba Nukulaelae ina watu wachache mno, jua kwamba sababu yake haianzii kwenye bahari.

Wachungaji waliofuata wengi walikuwa Wasamoa, na kwa miongo mingi Kisamoa kilikuwa lugha ya kanisa na ya shule.

13. Maisha ya kila siku yakoje?

Kila kisiwa kina ukumbi wake wa mikutano, na kila mtu, hata aliyezaliwa Funafuti, ana kisiwa chake cha asili. Jioni za sherehe hushindana kwa *fatele*: pande mbili, wachezaji wamesimama, waimbaji wameketi wakipiga sanduku la mbao kwa viganja, wimbo ukianza polepole na kuongezeka kasi hadi nyumba inatetemeka.

Ardhi mara nyingi ni ya ukoo, na mfumo huo huitwa *kaitasi*, yaani "kula pamoja". Haiuzwi kwa mgeni. Unaweza kukodi, basi.

Uwanja wa ndege ndio uwanja wa taifa. Wanajeshi wa Marekani waliujenga mwaka 1943 wakati wa vita na Japani, wakifukua matumbawe pembeni kwa kifusi na kuacha mashimo yaliyobaki yakijaa maji machafu na taka kwa miaka sabini, hadi yalipofukiwa kwa msaada wa New Zealand mwaka 2015. Ndege zikiwa chache, jioni vijana hucheza mpira kwenye lami, na usiku wa joto familia hubeba mikeka zikalala pale penye upepo. King'ora hulia ndege inapokaribia, watu wakapisha.

## Serikali

14. Nani anaiongoza Tuvalu?

Mkuu wa nchi ni Mfalme Charles III, kwa cheo chake cha Mfalme wa Tuvalu, na anawakilishwa na Gavana Mkuu ambaye ni Mtuvalu. Tangu 2021 ni Tofiga Vaevalu Falani. Mamlaka ya kuendesha serikali yako kwa Waziri Mkuu. Baada ya uchaguzi wa Januari 2024, ambapo Waziri Mkuu Kausea Natano alipoteza kiti chake, wabunge walimchagua Feleti Teo mwezi Februari.

Wananchi wameulizwa mara mbili kama wanataka jamhuri, mwaka 1986 na 2008. Mara zote mbili wengi walisema abaki mfalme.

15. Bunge linafanyaje kazi bila vyama vya siasa?

Bunge lina viti 16: wabunge wawili kwa kila jimbo, majimbo manane (Niulakita inahesabiwa pamoja na Niutao). Muhula ni miaka minne. Hakuna chama hata kimoja. Mgombea anasimama kwa jina lake mbele ya watu wanaomjua yeye, baba yake na shamba la babu yake.

Baada ya uchaguzi, wale 16 hukutana na kuchagua Waziri Mkuu miongoni mwao. Kwa kuwa hakuna chama cha kumfunga mtu, mbunge mmoja au wawili wakihama upande, serikali inaanguka. Kura za kutokuwa na imani ni jambo la kawaida.

Mfano mzito ni wa 2013. Waziri Mkuu Willy Telavi alipoteza wingi wa wabunge baada ya uchaguzi mdogo wa Nukufetau, lakini akachelewesha Bunge lisikutane. Gavana Mkuu Iakoba Italeli alimwondoa madarakani mwezi Agosti, Bunge likakutana, Enele Sopoaga akachaguliwa. Mgogoro wote ulimalizwa kwa katiba na kura, bila jeshi, ambalo hata halipo: Tuvalu ina polisi na boti ya doria ya baharini iliyotolewa na Australia.

Penye upungufu ni kwa wanawake. Naama Latasi aliingia Bungeni mwaka 1989, wa kwanza kabisa, na tangu hapo waliofuata ni wa kuhesabu kwa vidole. Uchaguzi wa 2024 haukumpata hata mmoja. Kwa nchi ambamo wanawake wanashikilia makanisa, shule na mashamba, naliona hilo ni deni.

16. Uhuru ulipatikanaje?

Kwa kura, na kwa kuachana mara mbili. Waingereza waliviita Visiwa vya Ellice, jina alilolitoa nahodha Arent de Peyster mwaka 1819 kwa heshima ya mbunge mmoja wa Uingereza ambaye hakuwahi kukanyaga huko. Mwaka 1892 vikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1916 vikaunganishwa rasmi na Visiwa vya Gilbert kuwa koloni moja.

Tatizo lilikuwa idadi. Watu wa Gilbert walikuwa wengi mno, na watu wa Ellice, wenye lugha na desturi tofauti, waliona kwamba katika nchi moja huru watamezwa. Mwaka 1974 wakapiga kura: 3,799 walitaka kujitenga, 293 walikataa. Walijitenga mwaka 1975, na tarehe 1 Oktoba 1978 Tuvalu ikawa nchi huru, Toaripi Lauti akiwa Waziri Mkuu wa kwanza. Gilbert ikawa Kiribati mwaka uliofuata.

Huwa napenda kuikumbusha kura hiyo. Watu hawa walijua udogo wao, wakapima, wakaona ni afadhali wawe wachache walio huru.

Tuvalu ilijiunga na Umoja wa Mataifa Septemba 2000, ikiwa mwanachama wa 189.

17. Visiwa vya nje vinatawaliwa na nani?

Na vyenyewe, kwa sehemu kubwa. *Falekaupule* ni jina la ukumbi na pia la baraza la jadi linalokutana humo, wazee wakiwa na kauli. Sheria ya mwaka 1997 ililipa baraza hilo nguvu rasmi, huku *Kaupule*, halmashauri ya watu wanaochaguliwa, ikitekeleza kazi za kila siku. Waziri akitua kisiwani na mradi, anaketi mkekani kwanza na kusikiliza.

## Fedha

18. Nchi inaishi kwa kutegemea nini?

Jodari, kwanza kabisa. Meli za kigeni hulipa ili kuvua katika maji ya Tuvalu, na tangu nchi nane za Pasifiki ziliposhikana na kuuza haki ya kuvua kwa siku badala ya kila moja kupunjwa peke yake, mapato yalipanda sana.

Ya pili ni Mfuko wa Dhamana wa Tuvalu, ulioanzishwa 1987 kwa michango ya Tuvalu yenyewe, Australia, New Zealand na Uingereza. Mtaji wake haukuliwa; umewekezwa nje na faida yake huziba mapengo ya bajeti. Serikali nyingi tajiri hazina nidhamu hiyo.

Kisha misaada, fedha wanazotuma mabaharia waliofunzwa katika chuo cha Amatuku na kuajiriwa kwenye meli za mizigo, na ".tv".

19. Kweli wanapata fedha kwa herufi mbili za intaneti?

Kweli. Kila nchi ina herufi zake, kama .tz ya Tanzania na .ke ya Kenya. Tuvalu ilipangiwa .tv, ambayo kila kampuni ya matangazo ya video duniani inaitamani. Mwaka 2000 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Marekani wenye thamani ya dola milioni 50 kwa zaidi ya miaka kumi, na mapato ya mwanzo yalisaidia kulipia kuingia Umoja wa Mataifa. Baadaye kazi hiyo iliendeshwa na Verisign, na sasa GoDaddy.

Fedha ya kila siku ni dola ya Australia, pamoja na sarafu za Tuvalu zenye thamani sawa. Beba noti: mashine ya kwanza ya kutolea fedha nchini ilizinduliwa mwaka 2025.

## Bahari na maswali magumu

20. Tuvalu itazama lini?

Hakuna tarehe, na kuzama si neno sahihi. Tuvalu haitadidimia siku moja kama meli. Usawa wa bahari pale umepanda kwa takriban sentimita 15 katika miaka thelathini. Ukiwa mwambao unajua maana ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku za kawaida: ongeza sentimita hizo juu ya bamvua kuu la Februari au Machi, na maji hayaji kwa mawimbi tu, bali huchemka kutoka ardhini kupitia matumbawe, katikati ya uwanja, mbali na ufuo. Ukuta hauyazuii maji ya namna hiyo. Wataalamu wa Marekani wanatarajia kwamba ifikapo 2050 sehemu kubwa ya ardhi na miundombinu ya nchi itakuwa chini ya kiwango cha sasa cha maji kujaa.

Kuna utafiti ambao huletwa kwenye ubishani, wa mwaka 2018, uliopima picha za angani na setilaiti za visiwa vidogo 101 vya Tuvalu. Uligundua kwamba kati ya 1971 na 2014 eneo lote la ardhi liliongezeka kwa asilimia 2.9, kwa sababu mawimbi huleta mchanga mpya. Ni utafiti halali na hauna haja ya kufichwa. Lakini eneo si kimo, na mchanga mpya ufukweni haurudishi shimo la pulaka lililoingia chumvi, wala haujazi tangi. Kinachoamua kama mtu anaweza kuishi mahali ni maji, chakula na nyumba kavu. Hivyo vinaweza kwisha kabla kisiwa chenyewe hakijatoweka.

21. Wanafanya nini zaidi ya kulalamika kwenye mikutano?

Wanajenga. Kwa mradi uliofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mchanga ulinyonywa kutoka ndani ya ziwa la Funafuti na kuunda takriban hekta 7 za ardhi mpya ubavuni mwa Fongafale, juu kuliko kiwango cha bahari kinachotabiriwa hata baada ya 2100. Sehemu hiyo ilikamilika mwishoni mwa 2023. Mpango mkubwa zaidi, *Te Lafiga o Tuvalu*, yaani Kimbilio la Tuvalu, unalenga kuinua eneo pana la kuhamishia watu hatua kwa hatua.

Mikutano nayo ina kazi yake. Mwaka 2021 Waziri Simon Kofe alihutubia mkutano wa tabianchi wa Glasgow kwa video akiwa amevaa suti, maji yakimfika magotini. Mwaka huo huo Tuvalu pamoja na Antigua na Barbuda zilianzisha kamisheni ya visiwa vidogo iliyokwenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, na Mei 2024 mahakama hiyo ilitamka kwamba hewa ukaa inayosababishwa na binadamu ni uchafuzi wa bahari ambao nchi zina wajibu wa kuuzuia.

22. Ardhi ikitoweka, itaendelea kuwa nchi?

Kwa mujibu wa katiba yao, ndiyo. Marekebisho ya 2023 yanatamka kwamba dola ya Tuvalu ni ya kudumu hata ikipoteza ardhi yake, na mipaka yake ya bahari haibadiliki. Si maneno ya kujifariji. Mipaka ya bahari hupimwa kutoka ufukweni. Ufuko ukirudi nyuma na mipaka ikarudi nayo, mapato ya jodari yanakwenda.

Australia imekubali kudumu kwa dola hiyo katika mkataba (Swali la 23), na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema katika maoni yake kwamba nchi ikishakuwa dola, kupotea kwa mojawapo ya sifa zake hakulazimu kuifuta. Pamoja na hayo Tuvalu inapiga picha za kina za visiwa vyake na kuhifadhi nyaraka na nyimbo kidijitali.

23. Mkataba wa Falepili ni nini?

Ni mkataba kati ya Tuvalu na Australia, uliotiwa saini Novemba 2023 na kuanza kazi Agosti 2024. *Falepili* ni neno la Kituvalu la ujirani mwema: nyumba zilizokaribiana, watu wasaidianao bila kudaiana.

Watu 280 kwa mwaka wanaruhusiwa kwenda kuishi, kusoma na kufanya kazi Australia, na wanaweza kurudi nyumbani wapendapo. Majina hutolewa kwa bahati nasibu. Awamu ya kwanza, mwaka 2025, iliandikisha zaidi ya watu 8,000 pamoja na familia zao.

Upande mwingine wa mizani upo, na Watuvalu wenyewe waliujadili kwa ukali: Tuvalu inapaswa kukubaliana na Australia kabla ya kuingia makubaliano ya ulinzi na usalama na nchi nyingine. Hofu ya pili ni kwamba walimu na wauguzi wakianza kuondoka, shule na zahanati hazitasubiri bahari. Naona hofu hiyo ina msingi. Nafasi 280 katika watu 11,000 si chache.

24. Niwaite wakimbizi wa tabianchi?

Usiwaite. Kisheria, mkataba wa wakimbizi wa 1951 unahusu anayekimbia mateso, si bahari. Mwaka 2014 familia moja ya Kituvalu iliruhusiwa kubaki New Zealand kwa sababu za kibinadamu, si kwa hadhi ya ukimbizi. Zaidi ya sheria, wengi wao hawalipendi jina hilo. Wanaotaka kuhama wahame kwa heshima kama wafanyakazi na raia wa nchi yao, na wanaotaka kubaki wabaki.

25. Ninaweza kwenda? Nikifika nisalimie vipi?

Unaweza. Njia ya kawaida ni ndege kutoka Fiji, mara chache kwa wiki. Kwenda visiwa vya nje ni meli ya serikali, na ratiba yake inaamuliwa na hali ya bahari. Nyumba za wageni ni chache, hivyo panga mapema. Jumapili kila kitu kimefungwa, na mwili ufunikwe kijijini.

Salamu ni *Talofa*. Asante ni *fakafetai*. Ukiingia falekaupule, vua viatu, inama kidogo unapopita mbele ya wazee, ukae chini, miguu umeikunja.